Zamu ya Usiku, sehemu ya 9: Namba tatu nilizoandika baadaye

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba wachache mnaonisoma kimyakimya bila hata kuacha dole. Nawaona.

Najua sehemu ya nane niliahidi kwamba leo tutaongelea kunyonyesha ukiwa umerudi kazini. Itakuja, msinigombeze. Leo nina kitu kimekaa kifuani muda mrefu, na juzi mwenye kisa chenyewe ameniruhusu nikisimulie. Jina lake silitaji, hospitali siitaji, na vitu vichache nimevibadilisha ili asitambulike. Ila sehemu yangu mimi sijaibadilisha.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mimi ni mtoto wa Shinyanga, nimelelewa kwa Wasukuma, na kazi ndiyo iliyonileta huku Geita kwenye dhahabu. Mnajua naimba kwaya. Mnajua pia napenda sana kuandika habari za neema, maana kila nikiandika neno hilo mnanijazia "amina" nyingi. Basi leo msiniandikie amina mpaka mfike mwisho.

Nianze na leba yetu ilivyo. Huku mama wengi wanatoka machimboni, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na vijiji vingine ambavyo mwaka juzi vilikuwa pori. Dhahabu ikisikika mahali, watu wanahamia ndani ya wiki moja. Mwanaume anaingia duarani, mwanamke anaponda mawe, anauza uji, anaosha mchanga kwenye mwalo. Dhahabu ikikata, wanafunga turubai wanahama tena. Kwa hiyo unaweza kukuta mama kaanza kliniki wilaya hii, mimba imekuwa ikiwa wilaya ile, na kujifungua anajifungulia kwetu, kadi imeliwa na mvua. Hayo nayajua. Hata usiku ule nilikuwa nayajua.

Aliletwa na bodaboda saa nne usiku. Binti wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, katikati yake na dereva kakaa mama mtu mzima, jirani yake anayepika chakula pale machimboni. Watatu kwenye pikipiki moja, barabara ya vumbi, uchungu umeshika. Nilipompima njia ilikuwa imefunguka sentimita tano. Kadi ina hudhurio moja tu. Na uchungu wake haukuwa wa kawaida, ulikuwa unakuja juu kwa juu, haumpi nafasi ya kupumua. Nikamuuliza, amekunywa nini? Kimya. Nikamgeukia yule mama. Akainamisha macho, akasema ni majani kidogo tu, ya kuongeza uchungu.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Miezi tisa yote ulikuwa wapi? Dhahabu mnaiona, kliniki hamuioni? Na wewe mama mtu mzima, unampa mtoto wa watu majani, kizazi kikipasuka utakishona wewe?" Niliongea kwa sauti, wale mama wengine vitandani wakasikia. Mmoja akacheka. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Huo ndio ukweli. Nilijiona nimesimamia haki, maana kila nililosema lilikuwa sahihi kitaalamu. Majani yale kweli yanaweza kuua. Yanakaza kizazi mfululizo, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka.

Yule binti hakujibu. Alisema tu, "Samahani nesi."

Sasa nisikilizeni kuhusu karatasi moja. Mama akiwa kwenye uchungu uliokolea tunafungua patografu. Ni karatasi yenye mistari, tunachora njia inavyofunguka, tunaandika presha, na kila baada ya nusu saa tunasikiliza moyo wa mtoto tunaandika namba. Kati ya 110 na 160 tunapumua. Ikishuka chini ya hapo au ikipanda sana, ina maana mtoto anachoka humo ndani, inabidi tuchukue hatua. Karatasi ile ndiyo mdomo wa mtoto. Hana njia nyingine ya kutuambia kitu.

Nilimsikiliza saa nne, saa nne na nusu, saa tano. Vizuri kabisa. Halafu saa tano na kitu, mama wa kitanda cha pili akajifungua, damu ikaanza kutoka, ikagoma kukata. Wauguzi tulikuwa wawili. Wale mliowahi kuona damu ya uzazi mnaelewa, hakuna kingine unachoona. Tulihangaika naye, dripu, sindano, kukanda kizazi, daktari kaitwa, mpaka saa sita na dakika kama ishirini ndiyo ikatulia. Mwenzangu akaondoka kufuatilia damu ya kumwongezea. Yule mama alipona, Mungu asifiwe.

Mngeishia hapo mngeniombea. Ngoja.

Nikanawa, nikakaa mezani, nikamimina chai. Nikashika simu. Kundi letu la kwaya la WhatsApp lilikuwa na ujumbe kama sitini, tulikuwa tunapanga sare za Pasaka. Nikajibu jibu. Halafu, na hii sehemu nimeiandika nikaifuta mara tatu, nikatuma neno la usiku. Niliandika maneno mazuri kuhusu neema. Watu wakajibu amina, nikawa nazisoma. Nilikaa pale kama nusu saa. Kitanda cha yule binti kilikuwa hatua nane kutoka mezani, nimezihesabu baadaye.

Saa saba kamili nikainuka. Nikaweka kipembe tumboni, nikasikiliza. Nilidhani nimekosea mahali. Nikahamisha, nikasikiliza tena. 90. Nikafunua kanga, maji ya kijani. Njia imeshafunguka yote, kichwa kiko chini. Nikamwambia sukuma mwanangu, sukuma. Safari hii sikusema "we mama".

Mtoto alitoka saa saba na robo. Wa kike. Amechoka kabisa, mikono imelegea kama kitambaa, hana sauti.

Kuna kitu kwenye mafunzo yetu kinaitwa dakika ya dhahabu. Mtoto akizaliwa halii, una sekunde 60. Unamkausha, unamsugua mgongo, unasafisha njia ya hewa kama kuna uchafu, na kama bado hapumui unaanza kumpa hewa kwa kile kipira chetu cha kubonyeza na barakoa, kabla dakika haijaisha. Walioipa jina hilo hawakufikiria Geita, lakini huku neno dhahabu lina uzito wake. Watu wanachimba mita nyingi chini ya ardhi wakiitafuta, na sisi tunapewa sekunde 60.

Mikono yangu ilijua cha kufanya, na hapo niseme jambo la heri. Mikoa yetu hii, Geita, Shinyanga, Mwanza, Tabora na Manyara, ilikuwa kwenye mpango wa uzazi salama uliofanyika katika hospitali na vituo 30, ambapo wauguzi wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini, kwa mtoto wa plastiki, badala ya kungoja semina. Matokeo yake yalitoka kwenye jarida kubwa la kitabibu la Marekani mwezi wa pili 2025, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa kama asilimia 40. Mazoezi ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa mikononi mwangu usiku ule. Nilibonyeza, kifua kikainuka. Nikabonyeza. Mama mtu akawa anauliza, "Mbona halii? Nesi, mbona halii?" Sikumjibu. Dakika ya nne akavuta pumzi mwenyewe, akatoa kasauti kama ka paka. Akapelekwa chumba cha watoto wachanga.

Alfajiri mwenzangu akachukua faili tuandike ripoti ya makabidhiano. Akaona patografu. Saa tano na nusu tupu. Saa sita tupu. Saa sita na nusu tupu. Akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Jaza dada, zamu inabadilishwa." Na mimi nikajaza. 138. 142. 140. Nilizichagua vizuri, zisifanane sana.

Mama zangu, sitaki kuwatisha muone kila nesi ni mwongo. Wengi wanasikiliza na wanaandika walichosikia, na usiku mwingi mimi ni mmoja wao. Lakini wauguzi mnaonisoma mnajua ninachosema.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilienda ibadani, wakati wa toba nililia sana. Nilimwambia Mungu yote. Nikatoka mwepesi, nikasema basi, nimesamehewa, neema imetosha. Nikaimba. Wiki ile nililala vizuri mpaka Jumatano.

Jumatano nikakutana nao kwenye korido. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya kidogo kidogo. Yule binti akanishika mkono, na yule mama akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Wabeja nesi. Wabeja sana. Umetuokolea mtoto." Nikakataa. Wakadhani nimeiona ndogo. Wakanong'onezana, yule mama akarudi kwenye fundo, akatoa elfu tano nyingine akaiweka juu.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikakimbia, nikasema naitwa wodini.

Nikamweleza mume wangu usiku. Ni mtu mzuri, anamcha Mungu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeshatubu?" Nimetubu. "Mtoto yuko hai?" Yuko hai. "Sasa unataka nini tena? Mungu ameshafuta, wewe unachimbua. Una leseni ya Baraza, tuna mkopo, tuna ada mwezi wa saba." Sikuwa na jibu. Alichosema kuhusu mkopo kilikuwa kweli, na alichosema kuhusu msamaha wa Mungu ninakiamini mpaka sasa.

Kilichonivuruga ni binti yetu wa miaka saba. Walikuwa wanajiandaa kuigiza Zakayo kanisani, yeye alikuwa mmoja wa wale watu wanaonung'unika. Tukiwa tunafanya mazoezi jikoni akauliza, "Mama, Yesu alienda kwake kabla hajarudisha hela za watu?" Nikamwambia ndiyo, alimwita kwanza akiwa bado juu ya mkuyu. Akafikiri. "Kwa hiyo angeweza asirudishe tu?" Nikamwambia kaoge.

Usiku sikulala. Ni kweli, Yesu hakumwambia Zakayo ashuke akalipe ndipo waonane. Alimwita akiwa na hela zote za wizi ndani. Hiyo ndiyo neema, haina masharti, na hapo mimi ndipo nilipokuwa ninaishia siku zote kwenye mafundisho yangu. Lakini yule bwana, baada ya kupendwa bure, alisimama mwenyewe akasema anarudisha mara nne. Na hela hizo hakumrudishia Yesu. Zilirudi kwa wale watu aliowadhulumu, watu wenye majina na nyumba zao. Mimi nilikuwa nimemaliza yangu yote na Mungu, na mtu niliyemkosea hakuwa hata na habari.

Halafu kuna hili neno letu la Kiswahili. Hospitalini ukutani tumebandika haki za mgonjwa. Kanisani tunasoma haki ya Mungu, kuhesabiwa haki. Neno ni moja, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nayasikia kama maneno mawili, moja la ukutani kazini na lingine la Jumapili. Yule binti alikuwa na haki ya mtoto wake kusikilizwa kila nusu saa. Sasa mbele ya Mungu hiyo ni haki ipi kati ya hizo mbili?

Nikaona pia nilivyokuwa nimegawa. Haki nilimgawia yeye, tena mbele ya watu, kwa sauti. Neema nikajiwekea mimi.

Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho sikukiona mpaka usiku ule. Zile namba tatu hazikuwa zinanificha mimi tu. Mtu yeyote akifungua faili anaona moyo wa mtoto ulikuwa mzuri usiku kucha, halafu ghafla mtoto katoka amechoka, na juu ya ukurasa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri, ametumia dawa za kienyeji. Ungemlaumu nani? Yule mtoto angekufa, karatasi yangu ingemhukumu mama yake.

Asubuhi nikaenda kwa muuguzi mfawidhi. Ni mama mkali, amebakiza miaka michache astaafu, hacheki na mtu. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Nilimtaja mimi tu, sikumtaja mwenzangu, ingawa alijua ratiba. Akakaa kimya, kalamu mkononi. Akaniuliza swali moja, "Kwenye simu ulikaa muda gani?" Nikasema kama nusu saa. Angeniuliza kuhusu damu ya kitanda cha pili ningepata pa kujificha. Hakuniuliza.

Akaniagiza nilete faili. Sisi kitaaluma maandishi ya mgonjwa hayafutwi, hayapakwi rangi nyeupe, karatasi haichanwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ule uongo unabaki unasomeka chini yake, unaandika pembeni kilicho sahihi, tarehe, saa, saini. Nikapiga mistari mitatu. Pembeni nikaandika, hakusikilizwa. Mkono ulitetemeka, mwandiko wake ni mbaya mpaka leo ukilifungua lile faili.

Nilipewa barua ya kujieleza, nikajieleza, nikapewa onyo la maandishi. Liko kwenye jalada langu. Mwenzangu hakuongea na mimi kwa miezi miwili, aliona nimemwanika hata bila kumtaja, na simlaumu. Kuna wengine walisema najifanya mtakatifu. Ilikuwa wiki ngumu kuliko wiki niliyosema uongo. Nawaambia hivyo ili asitokee mtu akawahubiria kwamba ukitenda haki kila kitu kinanyooka.

Kwa yule mama nilienda jioni, baada ya zamu. Walikuwa nje kwenye kivuli cha mwarobaini wanangoja saa ya kumwona mtoto. Nikakaa chini kwenye mkeka wao. Nikamsalimia yule mtu mzima kwa Kisukuma, mwadeela mayu, akaitikia. Nikaeleza. Nilitumia maneno mepesi. Kwamba nilitakiwa kumsikiliza mtoto mara tatu sikumsikiliza, sehemu ya muda niliokosa nilikuwa kwenye simu, halafu nikaandika uongo kwamba nilimsikiliza. Kwamba nimeshasema kwa mkubwa wangu, na wakitaka kupeleka malalamiko nitawaonyesha ofisi.

Yule mama mtu mzima alikuwa wa kwanza kuongea. "Angekufa je?"

Nikasema, "Angekufa, mngeambiwa ni yale majani."

Akageuka akaangalia barabarani. Naye yalikuwa yakimwuma, nilijua.

Binti alinyamaza muda mrefu sana, anachora mchanga kwa kijiti. Halafu akasema kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike sehemu hii ya tisa.

"Yale maji mimi niliyaona. Yalitoka mapema, ya kijani. Na mtoto aliruka sana halafu akatulia, sikumsikia tena. Nilikuona umekaa pale unakunywa chai. Nikaogopa kukuita. Nikayafuta na kanga, nikasema utanigombeza nimechafua kitanda."

Aliyafuta na kanga.

Nilidhani kosa langu ni zile namba. Kumbe nilikuwa nimemziba mdomo mtu pekee aliyekuwa anajua kinachoendelea, tangu saa nne usiku, kwa maneno yangu sahihi kabisa. Majani nilimgombeza kwa haki. Hudhurio moja nilimgombeza kwa haki. Na kwa haki hiyo hiyo akalala hatua nane kutoka kwangu mtoto wake anaishiwa hewa, anafikiria shuka.

Sikuwa na la kusema zaidi, nikaomba msamaha. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Mwandikie mtoto ukweli kwenye kadi." Nikamuuliza ukweli upi. "Kwamba alichelewa kulia. Nikihama nikienda kliniki nyingine wajue, wasije wakasema ni mimi."

Nilikuwa nimepeleka toba yenye machozi, yeye akataka kitu kimoja kinachoandikika. Nikaandika. Amezaliwa amechoka, amesaidiwa kupumua dakika nne, afuatiliwe ukuaji. Hilo ni muhimu mama zangu, mtoto aliyechelewa kulia anahitaji kuangaliwa anavyokaza shingo, anavyokaa, anavyoshika vitu, kwa hiyo kama wako alizaliwa hivyo usione aibu kuisema kliniki, hata kama hakuna aliyeiandika. Siku mbili baadaye wakaruhusiwa. Akiwa anapanda bodaboda akaniambia kwa juu juu, kama mtu anayekumbuka deni dogo, "Nesi, yaliisha." Basi.

Tangu hapo simu yangu ikiingia leba inakaa kwenye droo. Na nimejifunza kumwambia kila mama ninayempokea, kabla hata sijaangalia kadi, maji yakitoka niite, yakiwa na rangi niite haraka, damu niite, mtoto akitulia ghafla niite, kichwa kikiuma sana au ukiona ukungu niite. Kama sauti haitoki, gonga kikombe chako cha bati kwenye kitanda. Sasa wodi yetu usiku inapigwa vikombe kama harusi. Wengine wanagonga kwa sababu wanataka tu kushikwa mkono. Siwezi kusema sichoki. Wiki iliyopita mmoja aligonga mara sita, mara ya sita nilimjibu vibaya, ikabidi nirudi. Na kuhusu majani bado nasema, tena kwa ukali ule ule kitaalamu, msinywe, msiwape wakwe zenu, yanaua. Ila nasema nikiwa nimekaa, nimeshika mkono wa mtu.

Watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini kwetu hawamalizi mwezi wa kwanza, ndivyo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulivyoonyesha. Namba kama hizi mkizisikia redioni jueni zinaanzia kwenye kalamu ya mtu fulani, usiku, amechoka, na chai yake inapoa.

Yule mtoto ana miezi kumi sasa. Alichelewa kukaza shingo, tukaogopa, akaanza mazoezi. Alipoletwa kwa chanjo ya surua ya miezi tisa alikuwa anakaa akiegemezwa na mto, akiachwa anaangukia upande wa kushoto halafu anacheka. Bado tunamfuatilia. Siwezi kuwaambia itakuwaje.

Na juzi, kwenye saa tano za usiku, bodaboda ikasimama nje. Yule binti. Moyo ulinipasuka, nikajua ni mtoto. Kumbe kaleta mwenzake wa machimboni, kasichana kadogo, uchungu umemshika, kadi haina, macho yamemtoka kwa woga. Nikawakaribisha, nikaenda kutafuta glavu. Nilivyokuwa narudi nikamsikia anamwelekeza kwa Kisukuma, anamwonyesha kwa kidole meza yangu. Nawatafsiria nilivyosikia.

"Yule pale, mwite tu. Akikugombeza, mwite tena."